Luhaga Alikuwa Burma

Wasifu wa marehemu Venant Luhaga Mihayo, 1919–1963. Umesomwa na mdogo wake, Mwalimu Dorotea Mihayo, Buswelu, Jumatano tarehe 21 Agosti 1963.

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani. Karatasi mlizoshika zilichapwa parokiani jana. Haya ninayoyasoma yamezidi yaliyomo humo, kwa sababu asubuhi hii limetokea jambo pale kaburini na wengi wenu mmeliona kwa macho. Nitalifikia. Kwa sasa namwomba Mzee Salehe aliyekaa pale mbele asinikatize.

Marehemu alizaliwa Magu mwezi Machi 1919, mtoto wa kwanza wa Mzee Mihayo Masalu, mkulima wa pamba na mfugaji. Baba yetu alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mtu hajisifu. Aliyeua simba hasemi. Husema waliokuwa naye. Sisi wengine sheria hiyo iliingia sikio hili ikatokea lile. Luhaga aliimeza nzima, na ndiyo iliyotutesa mpaka leo.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1930, akaishia darasa la nne. Siku moja nyoka aliingia darasani, akakutwa amekufa chini ya ubao. Mwalimu akauliza ni nani shujaa aliyemuua. Vidole vikanyooshwa darasa zima, isipokuwa kimoja. Peremende ikaenda kwa mtoto aliyekuwa juu ya dawati analia, na aliyeua nyoka akarudi nyumbani mikono mitupu. Mama alipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba wenzake walimwona. Mnaona tulikoanzia?

Februari 1941 alijiandikisha KAR, jeshi la Waingereza, hapa Mwanza. Mwaka 1944 alivuka bahari na kikosi chake mpaka Burma, akapigana kwenye matope na mvua hadi mto Chindwin, na alirudi nyumbani Mei 1946. Siku ya kuagwa jeshini, Dar es Salaam, makaratasi ya kikosi chao hayakuonekana, kwa hiyo karani akawa anamuuliza kila askari: ulikuwa wapi, ulifanya nini? Wenzake walieleza, na wengine walieleza hata yasiyokuwepo. Marehemu alisema, "Nilikuwepo." Karani akangoja, hakuambiwa zaidi. Akaandika kwamba Luhaga Mihayo alitumikia Afrika Mashariki tu, nishani hana. Kaka yangu akakunja cheti, akapanda treni.

Tangu 1947 alifanya kazi kwenye pantoni la Kigongo, akifunga kamba na kuvusha watu kwenda Busisi. Wasafiri walimpenda kwa sababu hakumfokea mtu, hata mwenye ng'ombe wakaidi.

Septemba mwaka huohuo alimwoa wifi yangu Tereza. Alipokwenda kuposa, wakwe walitaka kujua sifa zake. Yeye, kama kawaida, akatazama miguu yake. Mshenga wake alikuwa Salehe Shaibu, Mzaramo aliyekuwa naye jeshini, ambaye baada ya vita alifuata rafiki yake hadi Mwanza akafungua kibanda cha fundi bati. Mzaramo na Msukuma ni watani, nanyi mnajua utani ulivyo. Salehe akasimama, akasema, "Wazee wangu, kijana huyu ni mvivu, anakula kama mchwa, na usiku anakoroma mpaka mbu wanahama." Wakwe wakacheka wakatoa binti. Walijua mtani hamsifu mtani wake, na aliyesafiri kutoka Pwani kuja kumtukana mtu hivyo lazima anampenda sana.

Wakwe walielewa. Serikali haikuelewa, si ile ya kwanza wala hii ya pili.

Mambo yaliharibika kwenye gwaride la Juni 1953. Askari wa zamani waliitwa mjini, wenye nishani wakapangwa mbele. Kaka yangu akaonyesha cheti chake. Akaambiwa apite nyuma, kule kwa waliolinda blanketi Nairobi. Tangu siku hiyo maneno yakazagaa. Mwanawe Odeta alirudi kutoka kucheza analia, ameambiwa kwamba Burma ya baba yake iko Nairobi sokoni. Wiki ile marehemu hakula. Alitaka jambo moja tu katika dunia hii: cheti kile kisahihishwe, watoto wake wajue alikokuwa. Alitaka sana. Ila kusema, hasemi!

Mimi ndiye niliyeandika barua. Nimeandika mpaka nikamchukia aliyebuni wino. Mwaka 1956, baada ya danadana za kutosha, tukaitwa kwenye ofisi moja hapa mjini, waombaji na shahidi. Shahidi aliyebaki alikuwa mmoja, na mmeshamjua.

Bwana mkubwa Mzungu aliuliza, karani akatafsiri: "Ulifanya nini Burma?"

"Nilikuwepo," akasema kaka yangu.

"Tunajua unadai ulikuwepo. Ulifanya nini?"

"Aulizwe Salehe."

Nikamkanyaga mguu. Akausogeza mguu wake pembeni. Akaitwa Salehe. Nilikuwa nimemsihi njiani, "Kaka Salehe, leo tafadhali, utani uache mlangoni." Akaniitikia vizuri kabisa. Alipoingia, akamwona mtani wake amekaa pale kwenye kiti na kofia mapajani, akasahau yote.

"Bwana, huyu Msukuma hajui hata kuogelea! Alinikamata ukosi akaniburuta mtoni kama gunia la pamba, nikanywa nusu ya mto. Shati la serikali akalichana. Mimi nimekuja kudai shati langu."

Kaka yangu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Karani, Mungu amsamehe, akatafsiri kila neno kwa uaminifu. Majibu yakaja baada ya miezi miwili: shahidi ana malalamiko dhidi ya mwombaji, ombi limekataliwa. Sikuwasalimia wote wawili mpaka Krismasi.

Uhuru ulipokuja, Desemba 1961, nilisema sasa tumepona, tutasikilizwa na watu wetu. Wakati watu wanaimba mjini, marehemu alikuwa Kigongo anavusha abiria. Salehe akamfuata hukohuko na nishani aliyoikata kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, akamfunga kifuani na uzi mwekundu, akapiga saluti mbele ya abiria. Marehemu akaivaa kutwa nzima. Baadaye aliitundika ukutani, na kila tulipozungumzia cheti, aliitazama.

Mwaka uliofuata nilimpeleka ofisi mpya. Kijana alitupokea vizuri, "Shikamoo mzee," akatupa viti. Kisha akasema, "Mzee wangu, hizo nishani ni za mkoloni. Peleka kwao." Tukapeleka kwao. Kwao wakajibu kwamba sasa tuna serikali yetu. Ndugu zangu, mpira huo ulipigwa juu ya kichwa cha mtu mzima aliyevuka bahari kwenda kufa, na hakuna aliyeona aibu!

Januari mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Madaktari walisema ni moyo. Alilazwa hospitali mjini Mwanza mara mbili, na Tereza hakubanduka kitandani pake. Aliaga dunia Jumatatu tarehe 19 Agosti, alfajiri, akiwa na miaka arobaini na minne. Mjane hakuwa na kingine cha kumvika kifuani, akamfunga ile nishani ya kopo kwenye koti. Nilitaka kukataa. Nikashindwa niseme avikwe nini badala yake.

Sasa nimefika kwenye jambo la asubuhi. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, Mzee Salehe alishuka ndani akalala. Mnajua watani; tukadhani anataka achangiwe ndipo atoke. Kijana mmoja akamtupia shilingi, akairudisha juu. Akasema, "Leo silipwi hela. Dorotea, chukua kalamu." Nikamwambia sina muda wa mchezo. Akasema, "Sichezi. Andika, la sivyo mtatuzika wawili."

Nikaandika, nimepiga magoti kwenye udongo. Nayasoma kama alivyoyasema.

"Mimi Salehe Shaibu naapa kwa Mwenyezi Mungu. Novemba 1944, upande wa pili wa mto mdogo unaoingia Chindwin, tuliachwa watatu, tumepigwa risasi, hatuwezi kutembea. Luhaga alijifunga kamba kiunoni akavuka maji chini ya risasi, akamtoa wa kwanza. Akarudi, akamtoa wa pili. Nikampigia kelele asirudi tena. Akarudi. Nilimwambia aniache nife. Akaniambia, 'Nyamaza, Mzaramo, hata kufa hujui.' Ofisa wetu aliona, akasema jina lake litapelekwa apewe nishani ya ushujaa. Ofisa akauawa wiki iliyofuata. Wale wawili walifia hospitali India. Nimebaki mimi. Luhaga alikuwa Burma. Nishani ya Nyota ya Burma ni yake, na ya ushujaa ni yake."

Nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini hakuyasema hayo mwaka 1956. Akanijibu kutoka chini, analia, "Dorotea, alikuwa amekaa pale ananitazama! Ningemsifu vipi mtani wangu na macho yake yamenikodolea?"

Basi wale waliosema blanketi za Nairobi wako hapa, nawaona, nao wamesikia. Kama hakuna ofisi ya kusahihisha, rekodi ya Luhaga Mihayo imesahihishwa leo Buswelu, na mashahidi ni ninyi.

Alipotoka kaburini, Mzee Salehe alikwenda kwenye jeneza kabla halijafungwa, akafungua ule uzi mwekundu, akatia bati mfukoni mwake. Tereza akamshika mkono kumzuia. Akamwambia, "Shemeji, niachie kopo langu. Sasa anazo za kweli."

Marehemu ameacha mjane, Tereza. Watoto watatu, Odeta, Masalu na Teodora. Dada mmoja, ambaye ni mimi. Na mtani mmoja ambaye tangu asubuhi hajamtukana mtu.

Bwana ampumzishe kaka yangu kwa amani. Na huko alikofika tunaomba asiulizwe alifanya nini. Waulizwe aliokuwa nao.