Maman Agar Alikataa Lawama ya Makala

Wapendwa majirani, wachungaji, walimu, na ninyi ndugu mliokimbia vita, ambao leo mlifika kabla ya wote kuchimba kaburi, familia inawaomba msikilize maisha ya mama yetu Agar Kalenga, nasi hatutapunguza neno hata pale litakapomchoma mtu, maana yeye mwenyewe hakujua kupunguza.

Maman Agar alizaliwa tarehe 9 Februari 1943 huko Kabondo-Dianda, binti wa mwalimu wa kanisa Abner Kalenga na Maman Mujinga, akasoma huko huko, kisha kwa Wamethodisti hapa Kamina, akapata diploma ya ualimu mwaka 1962, na tangu hapo akafundisha jiografia, hata miaka ile mishahara ilipokoma na walimu wengi wakaacha chaki wakashika jembe.

Tarehe 17 Julai 1965 alifunga ndoa na Baba Zakaria Umba, karani wa reli, mtu mpole aliyependa utulivu, akajaliwa mke asiyemeza neno. Mungu aliwapa watoto watano, ambao kati yao Jérémy, Éliane na Débora wako hapa, na wawili walitutangulia.

Mwaka 1993 mto Lualaba ulipanda, ukabeba nyumba za ndugu zake kule Dianda pamoja na mihogo yote, na mwaka uliofuata mvua ikakatika Januari, mahindi yakiwa bado yanachanua. Hapo ndipo alianza kuhudhuria semina za mazingira, na kila mara alirudi na hasira, kwa sababu, alivyotuambia, wageni walisema Kifaransa kirefu juu ya mwaka 2050, wakala kuku, wakamaliza kwa kuwalaumu akina mama wanaouza makala, yaani mkaa wa kupikia. Katika semina ya Mei 1996, msemaji alipotamka kwamba wananchi ndio wanaoharibu hewa, Maman Agar alisimama, na alipozimiwa mikrofoni akapandisha sauti:

— Monsieur, mbabula ya mujane, kajiko yake ya makala, njo ilipandisha Lualaba? Utuambie kwanza viwanda ya kule kwa matajiri iko natoa moshi kiasi gani. Bantu ba Dianda habaulize mambo ya kesho, maji ilishaingia mu nyumba.

Hawakumwalika tena, mkuu wake wa kazi alimwonya, Baba Zakaria alimsihi anyamaze, naye akafungua kikao chake kanisani baada ya ibada ya Jumapili, kwa Kiluba na Kiswahili, ambamo waliopoteza mashamba walisema wenyewe.

Vita vilipoanza Agosti 1998, wakimbizi walifika toka kaskazini wakajenga vibanda nyuma ya mtaa wetu, na mvua ilipochelewa mwaka uliofuata, watu wakasema hao ndio wanaomaliza miti na kufukuza mvua, basi nao wafukuzwe. Siku vijana wa mtaa walipokwenda kubomoa, walimkuta Maman Agar ameketi mlangoni pa kibanda cha kwanza, na kando yake Baba Zakaria, ambaye hakuna aliyemtuma, na huyo mume mpole akawaambia kwa sauti yake ya siku zote:

— Muanze na miye.

Walirudi nyumbani. Hatuwataji, wengine wamebeba jeneza hili.

Kisukari kilimshika tangu 1997, vita vikaadimisha dawa, akalazwa tarehe 2 Machi 2000. Kitandani, aliposikia mtu akiomba na kusema ukame ni adhabu ya dhambi zetu, aliinua mkono akauliza watoto wachanga wa Dianda walitenda dhambi gani. Alifariki tarehe 11 Machi, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mume wake.

Tunawashukuru waganga wa hospitali na wauguzi waliotafuta dawa hata pasipokuwa na dawa, majirani waliopika na kulala nasi matangani, walimu wenzake, na ninyi wa vibandani. Kikao cha Jumapili kitaendelea, Débora ndiye atakayeketi mbele, na anayetaka kuwalaumu wauza makala aje awaambie machoni.

Pumzika kwa amani, Maman. Kunyamaza, hapana.