Mwalimu Klementina Mayala na Homa za Mihayo

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha, Mwalimu Klementina Mayala anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Alianzia Mwanhuzi, akapita Mkula, kisha akaja kwetu Bariadi kufundisha hisabati darasa la sita na la saba. Wanafunzi walimwogopa kwa majedwali ya kuzidisha. Sisi walimu tulimwogopa kwenye mpira wa pete, maana kushindwa hakukubali.

Tuliokaa naye ofisi moja, hata hivyo, tunajua kwamba aliyeishi na hofu kubwa kuliko wote ni yeye.

Mwanawe, Mihayo, alikuwa darasa la pili alipokwenda likizo kwa shangazi yake Mwanhuzi. Homa ikampata, shangazi akampa vidonge vya salfa vilivyokuwa vimebaki nyumbani. Aliporudishwa Bariadi macho yalikuwa ya njano, na mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Mwalimu akambeba hadi hospitali. Nilipofika nilimkuta ameinama kitandani, anahesabu pumzi za mtoto kwa sauti, kama vile akinyamaza zitakoma.

Damu ilihitajika haraka. Mwenzetu Mwalimu Januarius, ambaye hukimbia hata wanafunzi wakichanjwa, alikunja shati, akafumba macho, akachangia. Alipoinuka akazimia. Siku ile hakuna aliyecheka, leo ruhusa.

Mtoto alipopata nafuu, daktari alieleza kwamba Mihayo amezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Dawa fulani, zikiwemo salfa na baadhi ya dawa za malaria, zingeweza kumuua.

"Ameutoa wapi?" Mwalimu akauliza.

"Ni wa kurithi. Mtoto wa kiume huupata kwa mama."

"Kumbe ni mimi."

"Hukujua, mama. Sasa umejua."

Ukweni maneno yakaanza. Mama mkwe wake, Bibi Milembe, alisema masamva, mizimu ya ukoo, wamekasirika. Mtoto apelekwe kwa mganga akanyweshwe dawa. Mwalimu akampigia magoti. "Mama, nitukane mimi utakavyo, ila usimpe mtoto kitu cha kunywa." Bibi akaiacha ile safari.

Tangu hapo hakuna homa iliyokuwa ndogo. Alikataa ualimu mkuu kwa kuwa ungempeleka mbali na mwanawe. Mbu wakizidi msimu wa mvua, alifundisha mkono mmoja ukiwa juu ya simu mfukoni. Mihayo alipochaguliwa shule ya bweni, mama alimsindikiza, akawaeleza matroni, mpishi, hata mlinzi wa getini.

Machi iliyopita simu iliita ofisini wakati wa mapumziko. Mihayo, sasa fundi umeme Mkula, alikuwa na malaria. Mwalimu alipauka, akadaka mkoba kuelekea stendi.

"Mayu, kaa," sauti ya Mihayo, akimwita mama kwa Kisukuma, ilisikika hadi mezani kwangu. "Nimewaambia mwenyewe kabla hawajaandika dawa. Wamenipa inayonifaa."

Mwalimu akaketi. Kengele ilipolia, akachukua chaki akaingia darasani.

Mwalimu Klementina, ahsante kwa yote uliyotufundisha, na kwa kuja kazini hata siku ulizokuwa na hofu. Nenda ukapumzike, mama. Mungu akujalie afya, na simu ziite kwa salamu tu.