Jethro Omondi na Nguvu ya Mizunguko Midogo ya Maji

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Jacinta, dada mkubwa wa marehemu, na nimepewa kazi hii ya kusoma wasifu wake kwa kuwa ndimi niliyemgombeza zaidi akiwa hai, basi mnivumilie.

Jethro Omondi Ochola alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Ugunja, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Ochola na Mama Peres, akasoma shule ya msingi hapo hapo, ambako alichapwa sana kwa kuchelewa, maana alikuwa akisimama mtoni kuyatazama maji hadi anaisahau kengele, kisha akasomea uhandisi Nairobi na kuhitimu mwaka 1993. Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na Christabel, wakajaliwa binti mmoja, Cate.

Alifika Juba Oktoba 2006, amani ikiwa bado changa, akapanga nyumba hapa mtaa wa Gurei, akaajiriwa kukadiria kwa kompyuta jinsi Mto Nile utakavyozipiga nguzo za gati jipya la mizigo. Kompyuta huugawa mto vyumba vyumba na kuona mizunguko mikubwa ya maji, lakini ile midogo kuliko chumba haiioni, hivyo mhandisi huikadiria nguvu yake, na Jethro alikadiria kwamba midogo huila tu nguvu ya mikubwa na kuizima. Aliyaeleza hayo hata katika soko la Custom, macho yakiwa mbali, mpaka Mama Kevina wa chapati akamwambia, "Injinia, wewe iko naota na macho wazi."

Februari 2008, nguzo zikikaribia kusimamishwa, aligundua amekosea, kwamba kando ya nguzo mizunguko midogo huirudishia mikubwa nguvu, na maji yangechimba mchanga wa chini hadi gati lianguke na watu. Hakuna mwingine aliyejua, nami nilimsihi anyamaze, nalisema hili kwa aibu, lakini aliandika barua kuikana hesabu yake mwenyewe, akafukuzwa kazi, na misingi ikashushwa mita tatu zaidi. Tangu hapo alifundisha hisabati katika shule ya mtaa wa Hai Mauna.

Aliugua figo Aprili mwaka huu, akafariki tarehe 9 Juni 2009 saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Christabel, akinong'ona kwamba anasikia maji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wenzake, na wahandisi mliokuja mkiwa mmekatazwa na waajiri wenu. Jumamosi iliyopita meli ya kwanza ilifunga kamba gatini, wapagazi wakashusha mahindi wakiimba, hakuna aliyelijua jina lake, nami nilisimama pale nikalia kwa fahari.

Mdogo wangu, watu wamepita salama. Lala sasa kwa amani.