Evelyn Elimringi Swai na Medali ya Lusaka

Evelyn Elimringi Swai alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1990, saa nne asubuhi, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja hapa Dar es Salaam, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Mzee Elimringi Swai na marehemu mama yetu Theopista, na mimi ninayesoma, Violeth, ndiye wa pili.

Alisoma Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko kuanzia mwaka 1997 hadi 2003, akaenda Machame, mkoani Kilimanjaro, kwa masomo ya sekondari, akahitimu kidato cha nne mwaka 2007, kisha akarudi mjini kusomea biashara na kumaliza mwaka 2010. Rasimu ya wasifu huu iliyosambazwa jana kwenye kundi la kamati ya mazishi inasema alikuwa na shahada, naomba tusahihishe, ilikuwa stashahada. Rasimu hiyo hiyo inasema alishinda medali ya shaba kwenye mashindano ya kimataifa ya mieleka mjini Lusaka, na hilo nalo si sahihi, ila nitalieleza mwisho, kwa sababu yeye mwenyewe aliniagiza lielezwe mbele yenu na lielezwe mwisho.

Kazi aliianza mwaka 2010 kwenye duka la Baba la magodoro ya jumla, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na hakuwahi kufanya kazi mahali pengine. Mwaka 2013 alikuja mteja, Mwalimu Nurdin, ambaye yuko hapa nasi, akitaka magodoro sita ya kushonea turubai juu, yawe mkeka wa kufanyia mazoezi ya mieleka kwenye ukumbi mmoja karibu na Jangwani, na marehemu alipomhakikishia kwamba magodoro yetu ni magumu, Mwalimu akamwambia, "Dada, wewe unayauza tu, hujawahi kuyaangukia." Alipeleka mzigo huo mwenyewe, akabaki kuangalia, na kuanzia wiki ile akawa mchezaji wa mieleka ya wanawake ya mtindo huru, ambayo mtu anaruhusiwa kushika hata miguu ya mpinzani, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, ambao Mama alisema ni umri wa kutafuta mchumba, si wa kutafuta ngeu.

Mchumba alimpata. Alifunga ndoa na Ndugu Kasmir siku ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 2015, na tarehe 2 Februari 2018 walijaliwa mtoto mmoja wa kike, Aikande, ambaye yuko darasa la pili.

Marehemu alianza kuugua mwezi Aprili 2025, akiwa na homa zisizoisha na uchovu, na mwezi Juni vipimo vilionyesha saratani ya damu. Kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi tangu Jumapili, hata kwenye foleni ya chakula hapa nje, naomba niseme kwamba nilimuuliza daktari swali hilo mara mbili, na mara zote mbili alijibu kwamba mieleka haihusiani. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na alifariki dunia Jumapili, tarehe 8 Februari 2026, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, mume wake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mtaa wa Sikukuu ambao wamefunga maduka siku ya kazi, wapagazi waliokataa ujira wa kubeba viti na maturubai, wanamieleka wenzake na Mwalimu Nurdin, na viongozi wa usharika. Safari ya kwenda Machame itaanza leo saa kumi jioni. Dada Eve, umeangushwa na kuinuka vya kutosha, sasa tulia, amani iwe kwako.

Nimebakiza Lusaka.

Alhamisi, tarehe 18 Agosti 2022, marehemu alipambana katika uzito wa kilo sitini na mbili, na katika pambano la kwanza mwanamieleka kutoka Cameroon alimlaza mabega yote mawili chini kabla ya dakika mbili kuisha, akamwacha amevimba jicho na damu puani. Mwalimu Nurdin anakiri kwamba alidhani kushindwa ni kushindwa, akamwambia, "Haya dada, kazi imeisha, tukale." Huku nyumbani Mama alikuwa amepata habari ya damu, akapiga simu kwa familia ya Kimachame inayofanya biashara kule, akasema, "Mtoto ameumia, mpikieni mtori, msimlaze na maji matupu." Sote tuliolelewa na mama Mchagga tunajua kwamba mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ni wa mzazi na wa aliyeumia, na kwamba haukataliwi. Alikula mabakuli matatu.

Jioni ndipo waandaaji walipowatafuta. Yule wa Cameroon alikuwa amefika fainali, na kwa kanuni za mchezo huo, walioshindwa na mtu aliyefika fainali hurudishwa kesho yake kugombea shaba, lakini lazima wapime uzito upya asubuhi. Marehemu alimpigia Mama kumwambia amerudishwa kugombea shaba, Mama akamwambia Baba, na Baba akauambia mtaa, na njiani neno "kugombea" likadondoka. Kisha marehemu, ili apunguze uzito, akavaa makoti mawili, akakimbia kwenye korido ya hoteli mpaka jasho likakauka. Ijumaa asubuhi mzani ulisoma kilo sitini na mbili na gramu mia nne. Akaondolewa.

Aliporudi, Mama alimpokea uwanja wa ndege na kitenge kipya na vigelegele, na marehemu akamkumbatia, asimsahihishe. Mwezi uliopita, akiwa wodini, aliniambia, "Vio, ningemwambiaje Mama kwamba mtori wake ndio ulionitoa?" Kwa hiyo medali ikaendelea kuwepo. Wateja walikuwa wakisema, "Mzee, tuoneshe basi hiyo shaba," na Baba akijibu, "Iko benki, hii siyo bidhaa ya kuweka kaunta." Mama alifariki tarehe 6 Januari 2024 akiamini hivyo, na marehemu akaniagiza, "Mama hayupo tena wa kuumia. Sema ukweli, halafu sema nilichofanya asubuhi ile. Hicho ndicho changu."

Jana jioni nilimpelekea Baba maneno haya, kwa sababu sikuweza kuyasoma mbele yake bila yeye kujua. Aliyasoma mpaka mwisho, kisha akasema, "Kariakoo nzima nimeiuzia medali, na mzigo sikuwa nao. Soma."

Asubuhi ile ya Ijumaa, Mwalimu Nurdin akiwa amekaa sakafuni karibu na mzani akilia, marehemu alirudi hotelini kwa miguu, na ilipofika saa tatu alikuwa ukumbini tena, amevaa viatu vyake vya mieleka, jicho moja limefunga. Mwanamieleka wa Madagascar, ambaye angepambana naye, alikuwa amepita bila kupigana kwa sababu marehemu aliondolewa, na sasa alikuwa anaingia kugombea shaba bila mtu wa kupasha naye mwili moto, kwa kuwa alikuja na kocha peke yake, mwanaume wa kilo mia na zaidi. Hawakuwa na lugha moja. Marehemu alijigonga kifua kwa kiganja, akaenda katikati ya mkeka wa mazoezi, akainama, akampa mguu wa kulia aushike, akaangushwa, akainuka, akampa tena.