Shigeharu Kaomba Kukaa Mbele

Benchi letu liko kwenye kona ya mwisho ya uwanja wa baiskeli wa Kurume, kando ya sufuria yangu ya utumbo. Utumbo napika mimi, kahawa namimina mimi, kwa hiyo hakuna umbea unaonipita. Wateja wa kudumu ni wawili: Breki, aliyekuwa mwendeshaji mpaka nyonga ikamkatalia, na Miwani, anayesoma gazeti la mbio hata chooni. Siku ile hata utumbo haukuwa na ladha. Shigeharu wetu, miaka hamsini na tatu, alibakiwa na mbio moja. Asipoingia tatu bora, pointi hazitoshi, leseni inarudishwa, kazi imekwisha. Halafu kumbe katangaza gazetini kwamba atakaa mbele!

— Mbele? — Breki alifoka. — Ana vijana wawili wa kwetu kwenye mstari wake! Kijana anakata upepo, mzee anajificha nyuma, anachomoka mwishoni. Ndivyo tulivyokimbia siku zote!

— Ni goti jipya, — akasema Miwani. — Nasikia wamemtia chuma cha treni.

— Treni gani! Huyo kapata mwanamke.

— Nani? — nikauliza, mwiko hewani.

— Yule muuza tofu wa darajani, Bi Kinuyo. Kila alfajiri Shigeharu yuko pale.

— Anafanyia mazoezi kile kilima!

— Na kilima kina tofu!

— Sikilizeni, — Miwani akakunja gazeti. — Waendeshaji wamefungiwa bwenini siku nne bila simu, wasije wakauza mbio. Lazima uote. Kamwota marehemu baba yake, kamwambia akae mbele.

— Baba yake muuza samaki? Anajua nini kuhusu mbio?

— Huko aliko sasa si ana nafasi ya kutazama?

Mwanamke mmoja mgeni, mwenye kofia ya majani, aliyekaa ukingoni kaupa uwanja mgongo, akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikamjazia.

Mbio zikaanza. Mwendeshaji wa kuongoza, anayewapimia mwendo mwanzoni, akawapisha. Kengele ikalia: umebaki mzunguko mmoja na nusu. Jezi ya rangi ya chungwa, nambari saba, Shigeharu wetu, ikachomoka na vijana wake wawili nyuma.

— Mapema mno! — Breki akalia. — Atakata pumzi!

— Kanyaga, baba, kanyaga!

Wakapita konani kwetu kwa mvumo kama bati linang'olewa na kimbunga. Uwanja ukalipuka kelele.

— Haya, — akauliza yule mgeni, hajageuka bado. — Kawa wa ngapi?

Tukatazamana. Breki kaziba uso kwa kofia. Miwani yumo ndani ya gazeti. Mimi nakoroga sufuria, macho nimeyafumba.

— Mbona na wewe hukutazama, mama? — Breki akajitetea.

— Mimi mkewe. Miaka thelathini sijaweza. Na hiyo tofu namtuma mimi.

Breki akapaliwa na kahawa.

— Tena hakuna ndoto, — akaendelea. — Alisema vijana wamemkatia upepo miaka yote. Kama leo ndiyo mwisho, basi leo ni zamu yake.

Hapo kipaza sauti kikakohoa. Wa kwanza kijana wetu. Wa pili kijana wetu. Wa tatu, kwa upana wa tairi, nambari saba!

Breki akanikumbatia na mwiko wangu. Mke wa Shigeharu akajifuta macho, akasogeza bakuli.

— Nijazie, mpishi. Na nafasi hii asikae mtu. Nina msimu mwingine mzima wa kutazama sufuria.