Kipimo cha Wiki ya Mafua

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Aliye jikoni apunguze moto kidogo, aliye na wenzake awaambie wanyamaze, kwa sababu leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmelala nyuma ya kazi yake bila kumjua. Alikuwa fundi wa mapazia. Nasema mapazia, si nguo. Ukimpelekea suruali akupunguzie, alikurudishia na maneno juu: "Mimi navisha madirisha. Watu wana mambo mengi." Mtaa ukamwita Bi Pazia, na jina likamkaa.

Bi Pazia ametutoka mwezi uliopita. Narudia jambo moja, maana maneno ya mtaani hayana breki: hakufa kwa moyo, wala hakufa kwa mafuta. Yalikuwa mafua makali, yale ya virusi, yakamshuka mpaka mapafuni. Lakini mafuta nayo yamo katika kisa hiki, na mtaona yalivyoingia.

Aliishi peke yake, juu ya duka la vioo. Mumewe alitangulia zamani, watoto hawakujaliwa. Na mganga hajigangi, wasikilizaji: madirisha yake mwenyewe hayakuwa na pazia hata moja. Jirani wa ng'ambo ya barabara ananiambia alikuwa anamwona kila jioni mezani, sahani moja, kikombe kimoja, na redio mbele yake kama mgeni. Redio hiyo ilikuwa inapiga kituo hiki.

Alikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, mdogo wake wa kike, aliyeolewa upande wa pili wa mji. Kila Jumapili Bi Pazia alikula kwake. Shemeji, watoto, kelele, sufuria zinagombaniwa. Siku sita alikuwa wa peke yake, ya saba alikuwa mama mkubwa wa watu.

Kisha daktari akampima, akamwambia kolesteroli iko juu. Wengine wanaiita lehemu. Ni mafuta yaliyomo kwenye damu, na yakizidi yanaleta hatari kwa mishipa na moyo. Akapewa dawa, akaambiwa apunguze vya kukaanga. Hakuambiwa apunguze watu. Hilo alijipangia mwenyewe.

"Alinipigia simu," anasema mdogo wake. "Akaniambia, 'Ukipika wewe, mkono wangu haunisikii. Sikanyagi hapo mpaka namba ishuke.' Nikacheka. Nikajua Jumapili atakuja. Hakuja. Ya pili hakuja. Nikaanza kujiuliza nimemkosea nini."

Ukaidi huo, wapendwa. Nausema kwa upendo, lakini ulikuwa ukaidi. Jumapili zikapita, miezi ikapita. Kwenye karakana yake ya kushonea alishirikiana na fundi mmoja wa kiume, mwenye cherehani ya pili, na fundi huyo anasema mchana Bi Pazia alikuwa anafungua bakuli lake la mboga za kuchemsha na kugeuza kiti akaelekea ukutani, ili asione wenzake wanakula nini. "Nikamwambia, bi mkubwa, mboga hizo hata mbuzi angeomba chumvi. Akacheka mpaka akapaliwa. Lakini kiti hakukigeuza."

Halafu mafua yakaingia mjini. Nani hakuugua? Mimi mwenyewe nilisoma taarifa kwa sauti ya chura. Bi Pazia akaanza kukohoa, joto likapanda, na katikati ya wiki hiyo ndiyo ikaangukia siku yake ya kupimwa damu. Mtu mwingine angeahirisha. Yeye akajitanda shali, akaenda.

Namba ikatoka chini. Chini kuliko hata alivyotakiwa aishushe.

Alipaswa kumwona daktari na majibu yake. Foleni ilikuwa ndefu, kifua kinabana, na alikuwa na furaha isiyokaa kwenye benchi. Akaondoka. Akampigia mdogo wake akiwa bado barabarani.

"Imeshuka!"

"Nini imeshuka, dada?"

"Namba! Jumapili nakuja. Na usinipikie chakula cha wagonjwa."

"Mbona sauti imekauka hivyo?"

"Mafua tu, yatapita. Wewe weka sahani yangu."

Mdogo wake anasema walicheka wote wawili, yeye akarukaruka jikoni kama mtoto.

Jumapili ikafika. Wakapika, wakaandaa, wakangoja. Chakula kikafunikwa, kikapoa. Simu ikaita bila kupokelewa. Shemeji akasema, "Hii si kawaida, twendeni." Wakamkuta amekaa kitandani, amevaa gauni la kutokea, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, anavuta pumzi kama aliyepanda mlima. Wakamkimbiza hospitali.

Ni huko, akitafuta neno la kujipa moyo, mdogo wake akamwambia daktari: angalau kolesteroli yake imeshuka. Daktari akamuuliza ilipimwa lini. Kisha akamweleza taratibu. Mwili ukipambana na maambukizi makali, kolesteroli inaweza kushuka yenyewe. Namba ya wiki ile haikuweza kusema kama mboga zimefanya kazi. Ilitakiwa kupimwa tena baadaye, wiki kadhaa baada ya kupona.

"Ndipo nikaelewa," anasema. "Siku ile kwenye simu, mimi na dada tulikuwa tunashangilia ugonjwa."

Nilipomsimulia yule fundi mwenzake, aliinamisha kichwa juu ya cherehani. "Kitambaa kilicholowa hakipimwi," akasema. "Kinakudanganya. Unasubiri kikauke. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo."

Bi Pazia hakuambiwa. Alilala hospitali siku chache, na pumzi ilipompa nafasi alimshika mdogo wake mkono, akauliza: "Hii nimeikosa. Jumapili ijayo je?" Akajibiwa ipo. Hakuifikia.

Wasikilizaji wapendwa, ukiwa na homa na ukapimwa mafuta, mwambie daktari kwamba unaumwa, na ukipona upimwe tena. Kifua kikibana, usingoje Jumapili. Hayo ni ya hospitali. Mengine ni ya kwetu. Fikiria sasa hivi, ni nani uliyezoea kumwona mezani na siku hizi humwoni? Ana sababu gani, na umemuuliza?

Kwa mdogo wake, kwa shemeji, kwa watoto waliompoteza mama mkubwa, na kwa fundi aliyebaki na cherehani mbili, kituo hiki kinawapa pole. Mungu awape subira, naye ampumzishe pema.

Wakati tunaagana, mdogo wake alinishika mkono mlangoni, akaniomba nilitangaze neno moja kama alivyolisema, nisiliongezee wala nisilipunguze. Basi hili hapa:

"Dada alidhani tunangoja namba. Ningechemsha hizo mboga zake, tukala wote, bila chumvi. Sisi tulimtaka yeye, na mafuta yake yote."