Lieske Schreurs na Sungura wa Fien

Tarehe 30 Juni, Bi. Lieske Schreurs, mtaalamu wetu wa usemi wa watoto, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika kliniki hii ya Roermond, kusini mwa Uholanzi. Tutakikosa kicheko chake kilichojaza korido, na keki zake za cheri zilizoungua pembeni kila Ijumaa. Niliombwa niandike mambo ya kufurahisha tu. Samahani, kuna moja linaloniudhi hadi leo.

Fien Coumans alikuwa na miaka mitano, binti wa wakulima. Kwenye kipimo cha lugha alionyeshwa picha ya sungura mmoja, akalitaja kwa lugha ya kwetu, "Knien." Akaonyeshwa sungura wawili, akajibu, "Knien." Kamati ya vipimo, ambayo wajumbe wake wote walitoka kaskazini mwa nchi, ikaamua kwamba mtoto hajui wingi, ahamishiwe shule ya watoto wazito wa kuelewa.

Hajui wingi! Kiholanzi cha vitabuni huongeza kipande mwishoni mwa neno. Sisi wa mkoa huu wa Limburg tunabadilisha mlio: ukiivuta sauti, ni mmoja, ukiishusha ghafla, ni wengi. Hapa mtoto hulijua hilo kabla hajajua kufunga viatu.

Lieske aliingia na Fien kikaoni bila kualikwa, akampakata.

"Haya mwanangu, nani kala karoti za babu?"

"Knien," Fien akajibu, sauti ikishuka.

"Wangapi?"

"Wengi! Si nimeshasema?"

Mwenyekiti akainua mabega. "Mimi nasikia neno lile lile."

"Basi wa kupimwa masikio ni wewe, bwana," Lieske akamjibu.

Fien alibaki shuleni kwake. Lieske akaondolewa kwenye vipimo kwa kosa la utovu wa adabu, akawekwa pembeni miaka minane. Katika miaka hiyo ni watoto wangapi walihamishwa kwa sababu ya mlio ambao hakuna aliyejali kuusikiliza? Hakuna anayejua, wala hakuna aliyeuliza. Hatimaye kipimo kilipobadilishwa ili mlio wetu nao uhesabiwe, watu walipongezana kwa hotuba na divai. Jina la Lieske halikutajwa hata mara moja.

Yeye hakununa. Aliendelea kufundisha watoto wenye kigugumizi, na kila kanivali alijipaka rangi usoni akawaongoza kuimba.

Fien sasa ni fundi umeme. Taa za ukumbi wa sherehe yetu amezifunga yeye.

Lieske, asante kwa yote. Lala mpaka jua liwe juu, na uwagombeze wajukuu kwa lugha ya nyumbani. Kamati imesema itakualika chakula cha heshima. Usikimbilie. Waache wangoje.